Namba ya Ndani Ishirini na Saba

Jumatatu, Machi 2

Mhariri ameniita asubuhi na kufunga mlango, nikajua ni kazi ambayo wengine wameshaikataa. Mtambo wa simu za ndani unang'olewa. Umekaa miaka thelathini na moja kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, na sasa gazeti limenunua mwingine unaopita kwenye intaneti. Ule wa zamani utazimwa Jumamosi ya Mei 30, saa sita mchana. Namba ya ofisi itabadilika, na za ndani zote zitabadilika nayo. Kabla ya hapo anatakiwa mtu wa kupita ghorofa zote nne, chumba kwa chumba, aandike simu ipi iko wapi, ni ya nani, na kama bado inafanya kazi.

Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema kwa sababu ninakumbuka nani alikaa wapi. Alidhani ananisifu.

Daftari hili nimepewa kwa ajili ya orodha. Orodha naiandika kuanzia nyuma. Kurasa za mbele ni nyingi na hazina kazi, basi nitaandika mengine.

Jumanne, Machi 3

Ghorofa ya chini. Simu kumi na tisa, tano zimekufa. Joto. Mvua bado.

Alhamisi, Machi 5

Leo nilikuwa swichibodi, kwa Mama Laini. Ndiye opereta wetu tangu kabla sijaajiriwa. Hakuna anayemwita kwa jina lake, na nadhani hata mishahara imeshalisahau.

Nilipoingia na daftari aliniangalia juu ya miwani. "Umekuja kunipima kaburi?"

Nikamwambia naandika vifaa tu.

"Basi niandike na mimi. Samani moja, kuukuu, bado inafanya kazi, haina pa kupelekwa."

Anaondoka pamoja na mtambo. Mtambo mpya hauhitaji mtu. Sauti ya kurekodiwa itampokea kila mpigaji. Amelipokea hilo kwa mzaha, kama anavyopokea kila kitu. Mimi sikuwahi kumpenda sana. Anajua ya kila mtu na hana kifuniko. Nilipogeuka kuondoka akauliza lile swali lake: "Mdogo wako hajambo?"

Nikasema hajambo. Nimemjibu hivyo kwa miaka sita.

Jumamosi, Machi 7

Ghorofa ya pili nusu. Viatu vipya vinabana.

Alhamisi, Machi 12

Mvua ya kwanza, saa tisa alasiri, dakika ishirini. Vumbi limetulia. Chumba cha habari wote walisimama dirishani kana kwamba hawajawahi kuiona.

Jumamosi, Machi 14

Nitaandika hili mara moja ili nisilazimike kulirudia.

Miaka sita iliyopita ukuta wa ghala lililokuwa likijengwa uliwaangukia vibarua watatu. Mmoja alikufa. Ripoti ya uchunguzi ilisema watu wanne walitia saini kuwa ukuta uko salama bila kuukagua. Ripoti ile niliipata mimi kabla ya gazeti lingine lolote. Jina la nne lilikuwa la mdogo wangu, msimamizi wa zamu. Mhariri alinishauri kwamba kwake yeye tuandike cheo tu. Nilikataa. Ripoti ilikuwa na majina manne, na gazeti likatoka na majina manne. Hapakuwa na herufi ya kusahihisha.

Alifukuzwa kazi wiki hiyo. Akahama mji bila kuaga. Nilimlea tangu mama alipofariki, yeye akiwa na miaka kumi na miwili na mimi nikiwa nimeajiriwa karibuni. Simu ya kwanza aliyojifunza kuipiga ilikuwa ya ofisi hii, halafu ishirini na saba, namba yangu ya ndani. Alikuwa akipiga kutoka shuleni kuniuliza ufunguo nimeuacha wapi, ingawa niliuacha mahali palepale kila siku.

Tangu aondoke hajanitafuta, na mimi sikumtafuta. Kumpata mtu si kazi ngumu kwangu. Nimeshawapata waliojificha vizuri kuliko yeye. Niliona ameamua, na uamuzi wa mtu mzima unaheshimiwa. Chumba chake nimekigeuza stoo. Kitanda sijakitoa.

Jumatatu, Machi 16

Fundi wa mtambo mpya amefika. Ni msichana wa miaka ishirini na kitu, anatafuna bazoka, ana kompyuta iliyobandikwa vikaragosi. Alifungua kabati la mtambo wetu, akatazama zile nyaya za rangi na kadi zilizopangwa kama vitabu, akapiga mluzi.

"Mama, hii kitu ingekuwa makumbusho."

Nikamwambia imetoa gazeti kila siku kwa miaka thelathini na moja. Akasema sawa, mama, na kuendelea kutafuna. Sitarajii makubwa kutoka kwake.

Jumapili, Machi 22

Shangazi amepiga kunisalimu. Kabla hajakata nilimuuliza, kama ninavyomuuliza kila anapopiga. Akanijibu kama anavyonijibu kila ninapouliza: "Yuko huko viwandani. Anakula, analala. Usiniulize zaidi, mwanangu, niliapa."

Mvua usiku kucha. Dari la sebuleni linavuja pale pale pa mwaka jana.

Ijumaa, Machi 27

Ghorofa ya tatu imekwisha. Simu ishirini na nne. Mbili zimefichwa kwenye droo na watu wasiotaka kupigiwa.

Jumapili, Aprili 5

Jumapili ya kwanza ya mwezi, zamu yangu kama kawaida. Jengo tupu. Nimekunywa chai vikombe viwili na kuhariri habari ya daraja. Mvua.

Alhamisi, Aprili 9

Ghorofa ya nne. Kilichokuwa chumba cha kumbukumbu sasa ni stoo ya karatasi. Mlinzi alihangaika na funguo robo saa. Ndani, nyuma ya marobota, iko simu ya kijivu juu ya kiti, namba 61. Nikainua mkono wake: inafanya kazi. Nimeandika: haina mwenyewe.

Jumanne, Aprili 14

Nilikaa na Fundi chumba cha mtambo tangu asubuhi. Alikuwa ameunganisha kompyuta yake na kabati, anasoma kila namba ilivyoelekezwa, mimi natia alama kwenye orodha. Kazi ya kuchosha, lakini nilianza kuona kwamba haruki kitu. Nikikosea ananirudisha.

"Ishirini na tano, michezo."

Sawa.

"Ishirini na sita, picha."

Sawa.

"Ishirini na saba."

"Hiyo yangu."

Akaacha kutafuna. "Mama, simu zako za nje unapokelea wapi?"

"Mezani kwangu."

"Hapana," akasema. "Zinaenda sitini na moja."

Nikamwambia aeleze taratibu. Akaeleza. Mtu wa nje akimpitia Mama Laini, anaunganishwa kwangu bila shida. Wa humu ndani akinipigia, napokea. Lakini mtu wa nje akipiga namba ya ofisi, akasubiri mlio unaosikika kabla opereta hajapokea, kisha akabonyeza ishirini na saba mwenyewe, mtambo unampeleka sitini na moja. Huko simu inalia kwenye stoo ya karatasi.

Nikauliza nani aliweka hivyo. Alinigeuzia kioo nione tarehe. Ilikuwa wiki moja baada ya habari ya ghala.

Nikakumbuka. Niliagiza mwenyewe, kwa maandishi, na saini yangu. Watu wa mkandarasi walikuwa wakipiga kunitukana na kunitishia, na wote walibonyeza ishirini na saba wenyewe ili wasijitaje kwa opereta. Mtunza kumbukumbu alijitolea kuzipokea simu zile na kuziandika, endapo polisi watahitaji. Alikuwa mtu mpole. Aliandika matusi kwa mwandiko mzuri. Wakati uleule nilibadilisha na namba ya mkononi. Miezi minane baadaye akastaafu, chumba kikafungwa, karatasi zikaingizwa. Agizo halikufutwa kwa sababu hakuna aliyekosa kitu. Watu wangu wa habari wanapiga mkononi, na wengine wanapitia kwa Mama Laini.

Nikauliza kama kuna aliyewahi kupiga.

Fundi akasema mtambo hautunzi za zamani sana, lakini kwa kuwa sitini na moja hailii mara nyingi, huenda zimo. Akabonyeza. Printa ndogo iliyo juu ya kabati ikatoa kipande chembamba cha karatasi, kama risiti ya duka. Niliisoma kama ninavyosoma hati yoyote, kutoka juu hadi chini, kisha tena.

Simu kumi na nne, kuanzia Machi ya mwaka jana hadi mwezi huu. Zote Jumapili ya kwanza ya mwezi. Zote kati ya saa nne kamili na saa nne na robo asubuhi. Zote kutoka namba moja, ya mezani, ya mji wa viwanda. Hakuna iliyopokelewa. Mtambo huiacha simu ilie sekunde sitini, kisha huikata wenyewe. Kumi na moja kati ya kumi na nne zilikatwa na mtambo. Mpigaji hakukata.

Ya mwisho ni Aprili 5, saa nne na dakika saba. Sekunde sitini.

Nimefungua ukurasa wa siku hiyo humu. Nilikuwa nakunywa chai.

Anajua zamu yangu. Nimekuwa nayo tangu akiwa shule, na Jumapili hizo alikuwa akibaki na Shangazi. Anajua pia kwamba Jumapili Mama Laini hayupo. Siku hiyo hata simu ikikosea njia, hakuna opereta wa kumuuliza jina lake.

Fundi akauliza, safari hii kwa sauti ya chini, "Mama, ni mtu wako?"

"Ni mtu wangu."

Hakuuliza zaidi. Alinikunjia ile karatasi mara mbili, akanipa.

Jioni nilipanda hadi stoo. Kutoka kwenye meza yangu hadi mlango ule ni ngazi arobaini na nne na hatua thelathini na moja za korido. Mlango ni mzito. Nilimwomba Mlinzi apige sitini na moja kutoka chini, mimi nikarudi mezani kwangu kusikiliza. Hakikusikika kitu.

Jumatano, Aprili 15

Nimeandika habari ya bajeti ya maji. Aya kumi na mbili. Hazina kosa.

Ijumaa, Aprili 17

Nimekwenda swichibodi na kufunga mlango, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nikamuuliza Mama Laini kama mdogo wangu aliwahi kupitia kwake katika miaka hii sita.

"Hajawahi. Angepiga kwangu ningempitisha hata ungekuwa msalani."

Nikamweleza yote, nikamwonyesha karatasi. Aliivulia miwani, akaisogeza karibu na jicho.

"Ameniogopa mimi," akasema. "Angesikia sauti yangu tu angejua ndani ya dakika tano mapokezi yote wana habari. Mimi mdomo wangu naujua, mwenzangu."

Nikasema si kosa lake.

"Sijasema ni kosa. Nasema naujua."

Akanisimulia ambayo sikuwa nayajua. Wakati mdogo wangu yuko sekondari, kabla ya kubonyeza ishirini na saba alikuwa akimpigia yeye kwanza, kumuuliza leo dada ameamkaje. Akiambiwa nimeamka vibaya, hapigi tena.

Kumbe lile swali la Mama Laini la kila siku lilikuwa swali kweli. Miaka sita nimelichukua kama uchokozi.

Jumatatu, Aprili 20

Fundi amefuta lile agizo. Dakika mbili. Kisha akatoka nje hadi kwenye kibaraza, mvua ikimchapa, akapiga kwa simu yake namba ya ofisi na kubonyeza ishirini na saba. Simu ya mezani kwangu ikalia.

Nilikuwa nimesahau kwamba simu ya nje ina mlio wake, miwili mifupi mifupi, wakati ya ndani ni mmoja mrefu. Miaka sita mezani kwangu umelia ule mrefu tu, maana hata simu za nje zinazopitia kwa Mama Laini hulia hivyo, na sikuwahi kujiuliza.

Fundi alirudi kaloa hadi soksi. Nikampa kanga yangu ya baridi ajifute. Akaniambia mtambo mpya hauwezi kuibeba namba ya zamani. Ameshauliza kampuni ya simu mara mbili bila mimi kumwomba. Ikizimwa Mei 30, atakayeipiga atasikia tu kwamba namba haipo.

Jumapili ya kwanza ya Mei ni tarehe 3. Ya Juni ni tarehe 7, na tarehe 7 hakutakuwa na kitu cha kupiga. Imebaki Jumapili moja.

Alhamisi, Aprili 23

Mvua.

Jumatatu, Aprili 27

Mvua. Barabara ya soko imefungwa. Nimepeleka aya sita.

Alhamisi, Aprili 30

Mhariri ameniuliza nina nini. Nikasema mafua. Akaniangalia kama anayesoma habari yenye chanzo kimoja.

Jumamosi, Mei 2

Maji yamejaa kwenye mashimo ya nyaya mtaani tangu saa kumi alfajiri. Simu za mezani zimekufa mtaa mzima. Kampuni ya simu inasema watazirudisha maji yakipungua. Niliwauliza yatapungua lini. Nimewahi kuwauliza mawaziri maswali ya kijinga kuliko hilo, lakini si mengi.

Jumapili, Mei 3

Nilifika saa mbili. Nilijua laini zimekufa, nikakaa hata hivyo.

Saa tatu na nusu Mama Laini akaingia na mwavuli uliokatika mbavu, viatu mkononi. Jumapili si siku yake. Nikamuuliza amefuata nini.

"Nimekuja kukaa," akasema.

Akakaa swichibodi, mimi mezani kwangu, mlango wa kati wazi. Saa nne kasorobo alianza kuzijaribu laini za nje, moja baada ya nyingine, zote nane. Nilimsikia akibonyeza, akisikiliza, akisema, "Imekufa." Akabonyeza. "Imekufa." Alipofika ya nane alianza upya. Alifanya hivyo hadi saa tano. Sikumwambia aache.

Huenda mdogo wangu alipiga, na huko kwake kukawa kimya. Huenda alipata mlio wa laini iliyojaa. Huenda, baada ya miezi yote hiyo, ndiyo Jumapili aliyochoka. Mimi huandika nilichokithibitisha, na katika haya matatu sina hata kimoja.

Saa sita tukafunga. Mama Laini alinishika mkono hadi kwenye lango kwa sababu ya utelezi. Yeye ana miaka sitini na tatu, mimi hamsini na tano, lakini aliyeshikwa ni mimi.

Jumatatu, Mei 4

Laini zimerudi saa nane mchana. Fundi ameangalia kumbukumbu za jana. Hakuna kitu. Akanieleza, kwa uangalifu, kwamba mtambo hauwezi kujua simu ambayo haikuufikia.

Jumamosi, Mei 9

Namba ninayo. Mama Laini anauliza kinachonizuia kuipiga. Nikamwambia sitaki kumvamia kazini. Akasema, "Watu wazima wote wa nchi hii umewavamia kazini."

Jumanne, Mei 12

Nimebonyeza tarakimu zote isipokuwa ya mwisho. Nikakata. Jua kidogo mchana.

Jumatatu, Mei 18

Nilikuwa natoa vitu kwenye kabati langu kwa ajili ya mafundi wa nyaya. Daftari la habari ya ghala lilikuwa chini kabisa. Sikuwa nimelifungua tangu siku ile.

Kazi yetu ina sheria moja ambayo hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anaijua: ukimtaja mtu kwa ubaya, unampigia kwanza. Unamsomea unachotaka kuandika, unamwuliza ana jibu gani, unaandika jibu lake hata kama ni tusi. Kwenye daftari yamo majina manne, moja chini ya jingine. Mhandisi: nimempigia saa nane na dakika kumi, amekana. Mkandarasi: saa nane na nusu, amekata simu. Mkaguzi: saa tisa, amesema niongee na wakili wake. La nne halina saa, na mbele yake hakuna neno.

Nakumbuka nilivyojieleza. Nilisema nikimpigia mdogo wangu nitakuwa nimempendelea, nimempa usiku mmoja wa kujiandaa ambao mtu mwingine asingepata kwa dada yake. Nililiona hilo kuwa jambo la haki, tena nilijivunia. Lakini wale watatu walipigiwa. Ni yeye tu aliyelisoma jina lake gazetini, kwenye kibanda cha chai langoni mwa kazi, mbele ya vibarua wake.

Nilikwenda kwa Mhariri na daftari. Nikamuuliza kama siku ile aligundua.

"Nilidhani umempigia," akasema. "Nilidhani ndiye uliyeanza naye."

"Sikumpigia."

Miaka yote nimemwona mwoga kwa sababu alitaka kuandika cheo tu. Leo alisema kitu ambacho hakulazimika kukisema: kwamba ilikuwa kazi yake kuuliza, na hakuuliza, kwa sababu nilikuwa mimi.

Jumanne, Mei 26

Meza zote zimewekewa simu mpya, nyeusi, bapa. Za zamani bado zinafanya kazi pembeni yake. Hakujanyesha tangu Jumamosi.

Ijumaa, Mei 29

Sikulala vizuri. Kesho.

Jumamosi, Mei 30

Saa tano asubuhi chumba cha mtambo kilikuwa na watu watatu: Fundi akiwa na koleo lake mkononi, Mama Laini kwenye kiti chake, amevaa kama anayekwenda kupigwa picha, na mimi. Mama Laini alikuwa ameandika namba mpya ya ofisi kwa tarakimu kubwa na kuniwekea mbele, endapo nitaisahau. Nikamwambia nataka laini ya nje.

"Nikupigie?"

"Nitapiga mwenyewe."

Saa tano na dakika kumi na tano ikapokelewa. Sauti ya mwanamke, yenye haraka: "Kiwanda cha mabati."

Nikataja jina langu na la gazeti, nikasema naomba kuongea na mdogo wangu. Sikusema mdogo wangu. Nilitaja jina lake kamili, yote matatu, kama lilivyokuwa kwenye ripoti.

"Waandishi wa habari wanaongea na meneja," yule mwanamke akasema. "Na meneja hayupo." Akakata.

Fundi akageukia nyaya ili nisimwone uso. Mama Laini hakujificha. "Bibi wee, unampigia mdogo wako au unampigia waziri?"

Nikapiga tena.

"Ni mimi tena. Mimi ni dada yake."

"Sasa hivi ulikuwa gazeti."

"Na dada pia."

"Dada wa tumbo moja?"

"Wa tumbo moja."

Akafikiri. "Mbona hajawahi kusema ana dada?"

Nikasema hilo ningependa kumuuliza mwenyewe. Hakucheka, lakini alilainika. Akasema yuko kwenye mashine, atamfuata, nisikate.

Nilisubiri dakika kumi na moja. Nilisikia bati likikatwa, kila baada ya sekunde tano hivi, mlio mmoja mrefu na kishindo. Fundi alitazama saa ya ukutani. Kisha akaliweka koleo juu ya kabati na kuvuta kiti, akakaa.

Kitu kikagonga mkono wa simu upande wa pili. "Hallo."

Sauti imekuwa nzito. Mengine ni yaleyale.

"Ni mimi," nikasema.

Bati likakatwa mara mbili kabla hajajibu. "Namba yenu nimeipiga sana, dada."

Nikamwambia ninajua. Nikamweleza kama ninavyoeleza jambo lolote: nani aliagiza simu zielekezwe stoo, lini, kwa sababu gani, na kwamba aliyeagiza ni mimi. Nikamwambia zamu zile zote nilikuwepo, na sikusikia hata mlio mmoja.

"Mimi akilini nilikuwa nakuona unaitazama tu inalia."

"Sikuisikia."

Halafu akauliza lile ambalo nilijua atauliza, na ambalo nilikuwa na jibu lake tayari kwa miaka sita. "Ungeandika tena?"

"Ningeandika," nikasema.

Hakukata. Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake watu wakiitana. Mama Laini alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Lakini ningekupigia kwanza," nikasema. "Wale watatu niliwapigia. Wewe sikukupigia. Nilikosea, na kosa ni langu."

Bati likakatwa katikati ya maneno yangu.

"Nini?" akasema. "Ngoja. Ngoja nifunge mlango."

Aliuweka chini mkono wa simu. Nilisikia viatu vyake vikienda, chuma kikiburutwa sakafuni, kisha kelele zote zikawa mbali, kama za nyumba ya jirani. Viatu vikarudi. Kiti kikavutwa. Saa ya ukutani ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini na tatu.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.